Msinunue mfumo wa kupokelea kahawa kabla ya kusafisha daftari

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme na wenyeviti, mameneja na makarani wa AMCOS, yaani vyama vya msingi vya ushirika wa mazao, za Kilimanjaro na Arusha, pamoja na wale wanaowauzia au kuwafadhili mifumo ya kupokelea kahawa kwa simu. Kila mwaka mavuno yakikaribia wanakuja watu na vishikwambi na maneno mazuri, wakiahidi kwamba chama kitakuwa cha kisasa ndani ya msimu mmoja. Vyama vingine vimenunua, vingine vimepewa na miradi. Lakini ukikaa ghalani siku nzima ukatazama kazi inavyokwenda, mara nyingi utaona hivi: karani anapima, anaandika kwenye daftari la mapokezi, anakata stakabadhi ya karatasi, kisha jioni akishafunga mlango anaketi na simu kuingiza yale yale aliyoyaandika mchana.

Chama cha namna hiyo hakijabadilika. Kimemwongezea karani kazi ya jioni, basi. Daftari bado ndilo lenye amri, na simu inanakili.

Hili linapimika kirahisi. Mwambie mwenye mfumo akutolee orodha ya mapokezi ya wiki moja ikionyesha saa ya kila ingizo, uipange kwa saa. Ukiona maingizo mia yamefuatana kati ya 18:30 na 20:00 ilhali ghala linafungwa saa kumi jioni, jibu umelipata. (Na hapo hapo karani na mwenye mfumo waelewane juu ya saa. Simu inasoma 14:00, karani anasema saa nane. Nimeona kahawa "iliyopokelewa" saa nane usiku kwa sababu tu mtu aliandika saa nane ya mchana kama 02:00 badala ya 14:00.)

Kabla ya kumlaumu karani, tuulize kwa nini anafanya hivyo. Kwanza, vyama vingi humlipa kwa kilo, na hakuna aliyemwongezea hata senti kwa kazi ya simu. Pili, simu ikipoteza rekodi, mkulima atamdai yeye, si mwenye mfumo aliyeko mjini, kwa hiyo anatunza karatasi yake. Yuko sahihi kabisa. Bodi isiyoamua kwa muhtasari kwamba rekodi ipi ndiyo rasmi pale simu na karatasi zinapopishana, haina haki ya kumtaka karani aiamini simu.

Sasa nije kwenye daftari la wanachama, lile ninalosema lisafishwe, maana hapo ndipo mifumo mingi inapofia, na ndipo watu wasipotaka kutumia muda.

Vyama vyetu ni vya zamani. Wakulima wadogo wa mlimani walikuwa na umoja wao, KNPA, tangu 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikaja 1933. Daftari la chama cha umri huo lina jina la babu aliyekwisha kufariki, kihamba, yaani shamba la nyumbani la ukoo, kimegawanywa kwa watoto watatu, na kahawa inaletwa na mjukuu. Kwa karatasi jambo hili halikuwa na tabu kubwa kwa sababu karani anamjua mjukuu. Mfumo haumjui. Mfumo unataka majina matatu yakutane: lililoko kwenye daftari, lililoko NIDA kwenye kitambulisho cha taifa, na linalotokea kwenye laini ya simu. Sasa chukua mama mmoja wa Marangu au Machame. Kwenye chama ameandikwa kwa jina la mume, kwenye NIDA ana jina la baba yake, na laini iliandikishwa kwa kitambulisho cha mwanawe aliyemnunulia simu. Ni mtu mmoja mwenye majina matatu, na siku ya malipo fedha yake inakwama.

Kazi ya kusafisha daftari ifanyike kwenye mikutano ya vitongoji, si ofisini. Kila mwanachama awe na mstari wenye namba ya uanachama, majina kama yalivyo NIDA, namba ya NIDA, namba ya simu, jina linalotokea kwenye laini hiyo, uhusiano wa mwenye laini na mwanachama, kitongoji, na mrithi aliyemtaja mwenyewe. Makarani wawili, mmoja akisoma na mwingine akiandika, wakifanya kwa uangalifu hawavuki watu 50 au 60 kwa siku. Chama cha wanachama 600 kitenge wiki mbili. Anayesema ataisafisha kwa siku mbili anataka kunakili makosa ya zamani kwenye kioo kipya.

Namba ya uanachama isitumike tena hata mwenyewe akifariki. Marehemu hafutwi. Hesabu yake inafungwa, mrithi aliyepitishwa na bodi anapewa namba mpya, na mfumo unaonyesha kwamba hii imetokana na ile. Ukimfuta, malipo ya pili ya msimu uliopita, yale yanayotolewa kahawa ikishauzwa, yatakosa mwenyewe, na fedha isiyo na mwenyewe ndani ya chama tunajua inaelekea wapi.

Wanaotunza daftari kwenye Excel wajue mambo mawili ambayo yameharibu orodha nyingi. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, lakini Excel ikiisoma kama hesabu huhifadhi tarakimu 15 tu, tano za mwisho inazigeuza sifuri bila kuuliza. Vilevile namba ya simu inayoanza na 07 au 06 itapoteza sifuri ya mbele. Dawa ni kuigeuza safu nzima kuwa maandishi kabla ya kuandika au kubandika chochote. Ukigeuza baadaye umechelewa, tarakimu zilizopotea hazirudi, na itabidi umtafute mwanachama na kitambulisho chake upya.

Orodha ikishakamilika, ipange kwa namba ya simu. Namba moja kwa mume na mke si shida. Namba moja kwa wanachama tisa, hapo simama. Huenda karani alijaza namba yake ili fomu ipite, au mjumbe aliamua "kuwasaidia" wazee. Hata kama nia ilikuwa njema, siku ya malipo fedha za watu tisa zitaingia mfuko mmoja.

Tukija kwenye mizani, mizani ya kidijitali inayotuma uzito moja kwa moja kwenye simu ni nzuri kweli, kwa sababu inaondoa mkono wa mtu kati ya kilo na rekodi. Lakini inaibua wizi wa aina mpya usiokusudiwa na mtu yeyote. Programu nyingi hutoa uzito wa gunia kiotomatiki. Gunia la katani lina uzito unaokaribia kilo moja, ilhali mfuko wa plastiki wa kilo 50 hauzidi sana gramu 100. Kama mfumo umewekewa makato ya kilo moja kwa kila gunia, mkulima aliyeleta mfuko wa plastiki amepoteza kama gramu 900. Mifuko 300 ni kilo 270 zilizomo ghalani zisizo kwenye jina la yeyote. Basi mwisho wa msimu chama kinashangaa "ziada ya ghala", na wakulima wanasema wameibiwa, na wote wana ukweli. Programu iwe na chaguo la aina ya kifungashio, au bora zaidi, kahawa yote imiminwe kwenye chombo cha chama kilichokwisha kupimwa.

Asubuhi kabla ya kufungua, jiwe la kilo 20 liwekwe katikati ya sahani ya mizani, kisha kwenye kila kona nne. Namba zikitofautiana, sakafu haiko sawa au sahani imebeba uchafu chini. Majibu yaandikwe. Stika ya Wakala wa Vipimo ya mwaka husika ni lazima, lakini haitoshi, kwa sababu mizani iliyohakikiwa Januari ikaangushwa Agosti inabaki na stika ile ile.

Unyevu nao una fedha ndani yake. Kahawa iliyokwisha kumenywa, kuoshwa na kuanikwa inatakiwa ifike karibu asilimia 11 au 12. Mkulima akileta kilo 50 zenye unyevu wa asilimia 15, zikikauka hadi 11 zitabaki kilo 47 na robo tatu. Kwa magunia 100 chama kimelipia kilo 225 za maji. Kwa hiyo kipima unyevu kiwe mezani pamoja na mizani, na namba yake iingie kwenye stakabadhi ile ile, si kwenye daftari la pembeni. Mfumo usio na nafasi ya kuandika unyevu ulitengenezwa na mtu aliyedhani kahawa ni kama sukari.

Kuhusu mtandao sitasema mengi. Mfumo wowote wa kutumika mlimani lazima ufanye kazi bila mtandao na utume baadaye, na karibu wauzaji wote wanadai wao unafanya hivyo. Usiwaamini, jaribu. Ingiza mapokezi kumi, anza kutuma, katikati weka simu kwenye hali ya ndege, kisha rudisha na utume tena. Halafu hesabu kilo upande wa pili. Kama zimekuwa mara mbili kwa baadhi ya watu, mfumo hauipi kila stakabadhi namba yake ya pekee papo hapo simuni, na hakuna mafunzo ya karani yatakayoliponya hilo. Rudisha mzigo kwa muuzaji.

Stakabadhi zinazotoka kwenye vile vichapishi vidogo vya joto zina kasoro ambayo haionekani siku ya maonyesho. Maandishi yake hufifia kwa jua, joto na kukaa ndani ya nailoni. Mkulima anaihifadhi miezi kadhaa akisubiri malipo ya pili, siku akiitoa ni karatasi nyeupe. Kwa hiyo ujumbe wa simu ndio uwe ushahidi wake, na uandikwe kwa kubana, kwa mfano: "Mwanachama 0412, 14/08, kahawa mbivu kg 36.5, stakabadhi 02-00317. Jumla ya msimu kg 212.0. Kama si sahihi, mwone katibu ndani ya siku 3." Ujumbe mmoja unabeba herufi 160. Lakini kuna mtego wa lugha yetu wenyewe: kikiingia kile kikato cha ng' katika umbo la kupinda ambalo kompyuta hupenda kuliweka, badala ya kile kilichonyooka, nafasi inashuka hadi herufi 70 na ujumbe mmoja unatozwa kama miwili au mitatu. Jina moja tu la mtu au la mahali kama Mang'ola linatosha kuleta hasara hiyo. Chama kikubwa kinaweza kulipia ujumbe maradufu msimu mzima bila kujua sababu.

Malipo ndiyo yanayowavutia wengi, na kweli yanapunguza hatari ya kubeba fedha taslimu kutoka benki hadi kijijini. Utaratibu wenyewe ninaoushauri una hatua ambazo watu huziruka. Kabla ya kutuma malipo ya wote, faili lote lipitishwe kwenye uhakiki wa majina: mtandao wa simu urudishe jina la kila laini, nalo lilinganishwe na jina lililoandikwa kwenye daftari lililosafishwa. Yanayopishana yatengwe na yalipwe mwisho, baada ya mwanachama kuja mwenyewe. Kumbukeni pia kwamba laini isiyotumika kwa muda mrefu hupewa mtu mwingine. Namba iliyokuwa ya mzee wa Uru msimu uliopita inaweza kuwa ya kijana wa Mbeya msimu huu, na fedha ikishafika kwake kuirudisha ni safari ndefu. Baada ya hapo tumeni malipo ya majaribio kwa watu watano wa vitongoji tofauti, subirini wathibitishe kwa kupiga simu, ndipo mtume yaliyobaki.

Anayetayarisha faili asiwe anayeidhinisha. Hili kila chama kinalo kwenye karatasi, na vingi vinalivunja kila wiki, kwa sababu mwenyekiti hapendi kushuka ofisini na amemwachia mhasibu namba yake ya siri. Siku ambayo namba mbili za siri zinajulikana na mtu mmoja, ulinzi wote mliolipia haupo. Zamani hundi ilitaka sahihi mbili na ilikuwa vigumu kuigiza mkono wa mwenzako. Namba ya siri haina mwandiko. Bodi iwe na waidhinishaji watatu ambao wowote wawili wanatosha, ili ugonjwa au msiba usiwe kisingizio cha kugawa namba.

Gharama ya kutuma na ya kutoa iamuliwe na Mkutano Mkuu kabla ya msimu: nani anaibeba? Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilipoanza, makubaliano ya mdomo yalizua ugomvi kwa sababu gharama ilipanda ghafla na kila upande ukaitupia mwenzake. Azimio liseme wazi kama chama kinamwongezea mkulima ada ya kutolea au la, na gharama zikibadilika katikati ya msimu itakuwaje.

Sasa jambo ambalo limewasukuma wengi kununua mifumo kwa haraka: kanuni ya Umoja wa Ulaya kuhusu bidhaa zinazohusishwa na ukataji misitu, iliyopitishwa 2023. Tarehe ya kuanza kutumika imesogezwa zaidi ya mara moja na wengine wamelegea, lakini wanunuzi wameshaanza kudai taarifa, na kazi yenyewe haiwezi kufanywa kwa wiki moja. Inataka kila shamba lililotoa kahawa lijulikane lilipo, na kwamba halikutokana na msitu uliokatwa baada ya tarehe 31 Desemba 2020. Shamba lisilozidi hekta 4 linaweza kuonyeshwa kwa nukta moja ya GPS. Vihamba vyetu karibu vyote viko chini ya hapo, kwa hiyo anayewatoza fedha za kuzungusha mpaka wa kila kihamba mwulizeni kwa nini.

Nukta hiyo inatakiwa iwe na tarakimu 6 baada ya nukta ya desimali. Tarakimu ya sita ni kama sentimita 11 ardhini, na simu ya kawaida haina usahihi huo hata kidogo. Chini ya migomba na migrivea inaweza kukosea mita 10 na zaidi. Kwa hiyo anayechukua nukta asogee sehemu ya wazi iliyo ndani ya kihamba, asubiri hadi simu yenyewe ionyeshe kosa lisilozidi mita 5, ndipo ahifadhi. Dakika mbili zinatosha. Kinachotokea hasa ni kwamba karani anachoka, anaita watu ofisini, anahifadhi nukta zao wote akiwa ameketi. Mkichuja orodha mkakuta wanachama 80 wana mashamba mahali pamoja, mtajua ni mlango wa ghala.

Kuna makosa mengine mawili ya kuchekesha yasiyochekesha mbele ya mnunuzi. Moshi iko takriban -3.35 na 37.34. Alama ya kutoa ikidondoka, kihamba cha Kibosho kinahamia kaskazini mwa Kenya, upande wa jangwa la Chalbi. Namba zikibadilishana nafasi, kinaangukia Hispania, jirani na Granada. Zifungueni nukta zote kwenye ramani moja na mtazame kwa macho. Zilizotoroka mlima zitajionyesha zenyewe.

Na lipo la tatu lisilo la kuchekesha. Picha za satelaiti huweza kusoma kihamba chenye miti mirefu ya kivuli kama msitu. Mwenye kihamba akikata mti mmoja mkubwa kwa ajili ya mbao, ramani inaweza kusema msitu umepungua. Kanuni yenyewe inatambua kilimo mseto kuwa kilimo, lakini mzigo wa kuthibitisha unakuja kwetu. Hasa vijiji vinavyopakana na msitu wa hifadhi, ule ukanda wa nusu maili, vitunze picha zenye tarehe na kumbukumbu za mapokezi ya miaka iliyopita. Daftari la 2018 lenye jina la mtu na kilo zake ni ushahidi kwamba pale palikuwa na kahawa kabla ya 2020. Msizichome karatasi za zamani kwa furaha ya mfumo mpya.

Sasa swali ambalo ningependa kila bodi ijibu kabla ya kusaini chochote: taarifa hizi zikishapatikana, ni uamuzi upi utafanywa tofauti na mwaka jana? Kama hakuna jibu, mnanunua mapambo.

Majibu yapo, na ndiko faida ilipo. Mwenye mtambo wa kati wa kuchakata, ile CPU, akiona kwamba kahawa mbivu inafurika Jumanne na Ijumaa hadi nyingine inalala bila kumenywa, anaweza kugawa siku kwa vitongoji, kwa sababu kahawa mbivu inatakiwa imenywe siku ile ile ilipochumwa, la sivyo inachacha na daraja linashuka. Mzigo wa kila siku ukipewa namba yake na kuanikwa peke yake, chama kinaweza kulinganisha: kilo 5 hadi 6 za kahawa mbivu hutoa kilo 1 kavu, kwa hiyo kilo 1,200 zitoe 200 hadi 240. Mzigo uliotoa 150 unadai maelezo, nayo yadaiwe wiki ile ile, wakati mlinzi, mpimaji na mwanikaji bado wanakumbuka. Kwa daftari la karatasi hesabu hii ilikuwa inafanywa baada ya msimu, wakati hakuna tena wa kuulizwa.

Mzigo uliotunzwa hivyo hadi kiwanda cha kukoboa unaweza kuonjwa peke yake na kutafutiwa mnunuzi peke yake. Hilo linabadilisha nafasi ya chama katika soko. Badala ya kahawa yote kuchanganywa na malipo ya pili kuwa bei moja kwa wote, chama kinaweza kulipa zaidi kitongoji kilicholeta kahawa nzuri. Tahadhari: hili ni suala la siasa za kijiji kuliko la kompyuta. Kulipa tofauti kutaleta maneno, na lisipopitishwa na Mkutano Mkuu mapema, mfumo ndio utakaolaumiwa.

Uamuzi mwingine ni wa pembejeo na ugani. Panga wanachama kwa tofauti ya kilo kati ya msimu huu na uliopita. Aliyeshuka kutoka 200 hadi 60 atembelewe. Huenda anaumwa, huenda mibuni imezeeka na anahitaji miche inayostahimili magonjwa ya TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa iliyoko Lyamungu, huenda anauza kwa walanguzi kwa sababu ana shida ya ada. Kwa hili hamhitaji akili mnemba, kuichuja orodha kunatosha.

Na kwa kuwa akili mnemba imetajwa, maana wauzaji wa mwaka huu hawaachi kuitaja: kazi moja inayoiweza vizuri ni kusoma picha za kurasa za daftari la zamani na kuzigeuza orodha. Itakosea 1 na 7, na 0 na 6, hasa kwa miandiko ya penseli. Mlinzi wenu ni jumla ya chini ya ukurasa: kila ukurasa ujumlishwe upya, usiolingana urudiwe kwa macho ya mtu. Lakini msipige picha ukurasa wenye majina, namba za NIDA na simu mkaupandisha kwenye huduma yoyote ya bure mtandaoni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inayotumika tangu Mei 2023, inamhusu kila anayekusanya taarifa za watu, AMCOS ikiwemo, na ina masharti juu ya kuzipeleka nje ya nchi. Fichueni safu ya namba ya mwanachama na kilo tu, zilizobaki zifunikwe kwa karatasi kabla ya kupiga picha.

Mwisho mkataba. Mingi niliyoisoma inasema kwa kirefu chama kitalipa nini, na kwa ufupi chama kitapata nini kikiondoka. Taarifa za wanachama ziandikwe kuwa mali ya chama. Iandikwe kwamba chama kinaweza kuzipakua zote wakati wowote, kwenye faili linalofunguka kwa Excel, bila ada na bila kuomba, na mfanye hivyo siku ya kwanza mbele ya muuzaji, si siku ya ugomvi. Kila Jumamosi katibu apakue nakala na kuihifadhi mahali ambapo muuzaji hafiki. Bei iwe kwa shilingi. Kama ni mfadhili anayelipa, bodi iulize ada ya mwaka wa nne itakuwa kiasi gani kwa kila mwanachama, kwa sababu miradi mingi inaisha wa tatu, na ada hiyo iingizwe kwenye makisio kuanzia mwaka wa kwanza hata kama bado hailipwi.

Ombi langu kwa Tume ya Maendeleo ya Ushirika na kwa vyama vikuu ni dogo. Vyama tayari vinatumia MUVU, mfumo wa kompyuta wa kusimamia vyama vya ushirika, kwa usajili na taarifa zao. Tume itoe kwa tangazo muundo mmoja wa safu za daftari la wanachama na za stakabadhi ya mapokezi: majina ya safu, mpangilio wake, tarehe iandikwe vipi, kilo ziwe na desimali ngapi. Ni ukurasa mmoja wa karatasi. Muuzaji asiyeweza kutoa faili la muundo huo asiruhusiwe kuuza kwa AMCOS yoyote. Ukitolewa kabla mavuno hayajapamba moto katikati ya mwaka, makarani wa Hai, Rombo na Meru watakuwa na muda wa kupanga daftari zao kwa namna moja.

Wako,
Mshauri wa mifumo ya vyama vya ushirika,
Moshi, Kilimanjaro